Bubu Apewe Kinywa? Askari wa Plastiki na Msimulizi wa Filamu Mjini Isinya

Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kulijadili suala la kugeuza kazi ya sanaa kutoka utanzu mmoja hadi mwingine kwa kuanzia kitabuni. Riwaya hugeuzwa mchezo wa kuigiza. Tamthilia ya Kiingereza hugeuzwa ya Kiswahili, kama alivyofanya Julius Nyerere mwaka 1963 alipoitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Mhakiki naye huketi na vitabu viwili mbele yake, akapima ni kiasi gani cha hiki kilichofika katika kile. Njia hiyo ina manufaa yake. Hata hivyo inamwacha mikono mitupu akutanapo na kazi ambayo asili yake si kitabu wala si hadithi, bali ni kidude cha kuchezea cha plastiki chenye urefu usiotimia sentimeta 10.

Mwandishi wa makala haya alikutana na tatizo hilo Isinya. Msomaji asiyepajua atapapata katika barabara itokayo Nairobi kwenda Namanga, akiisha kuupita mji wa Kitengela na kabla ya kufika Kajiado, mahali inapoungana nayo njia itokayo Kiserian. Nyuma ya vibanda wanaposimama madereva wa malori kula, palikuwa na kibanda cha video cha mabati, chenye mabenchi ya mbao na televisheni moja. Jioni hiyo ilionyeshwa filamu ya Marekani ya mwaka 2013, G.I. Joe: Retaliation, nayo ilikuwa imekwisha kutiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Filamu ilipokwisha watazamaji hawakuondoka. Walibishana kwa muda uliokaribia urefu wa filamu yenyewe, na mabishano yao yalihusu jambo moja: shujaa wao Snake Eyes, ninja mwenye mavazi meusi asiyesema kitu tangu mwanzo hadi mwisho, alikuwa amepewa sauti katika filamu iliyofuata ya mwaka 2021. Je, ilikuwa haki bubu kupewa kinywa?

Mabishano ya namna hiyo nilikuwa nimeyasikia kabla, mbali na Isinya. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili Marekani, jirani yangu alikuwa mkusanyaji wa askari hao wa plastiki, na jikoni kwake walikutana marafiki zake kuteta kwa ukali, kama wanasheria, juu ya namna askari hao walivyopasa kuletwa kwenye skrini. Nakusudia kuonyesha kwamba wale wa jikoni na hawa wa kibandani, ingawa walibishana juu ya kisanamu kimoja, hawakuwa na swali moja. Na kwamba swali la Isinya ndilo linaloufikia mzizi wa jambo lenyewe, kwa sababu watu wa Isinya waliipokea filamu mikononi mwa msimulizi.

Kwanza tukieleze kidude. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa askari wa kwanza wa G.I. Joe mwaka 1964. Alikuwa na urefu wa sentimeta 30 hivi, mwenye viungo vya kukunjika na nguo za kuvikwa na kuvuliwa. Kwa hakika alikuwa mwanasesere, ila wauzaji waliliogopa neno hilo, wakidhani kwamba hakuna baba atakayemnunulia mwanawe wa kiume mwanasesere. Wakabuni jina jingine lenye maana ya sanamu ya vitendo. Mwaka 1982 askari hao walitolewa upya wakiwa wadogo zaidi, na safari hii kila mmoja alikuwa na jina lake, silaha yake na kadi ya wasifu iliyochapwa nyuma ya pakiti. Kadi ilitaja jina la vitani, jina halisi, mahali alipozaliwa, cheo na utaalamu wake. Mwandishi mkuu wa kadi hizo alikuwa Larry Hama, Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyewahi kuwa askari wakati wa vita vya Vietnam. Huyo huyo ndiye aliyeandika kitabu cha katuni cha askari hao kilichochapishwa na Marvel tangu 1982 hadi 1994, matoleo 155. Katuni za televisheni zilifuata mwaka 1983.

Ni dhahiri basi kwamba hapa hadithi ilitungwa ili kidude kiuzwe. Mhakiki wa miaka ya sabini angetamka kwamba hii ni kasumba ya ubepari na utukuzaji wa majeshi ya kibeberu, akafunga kalamu. Sina ugomvi na hukumu hiyo. Ugomvi wangu ni na kule kufunga kalamu. Maana watu wamekaa juu ya benchi za mbao Isinya wakabishana usiku juu ya kitu hicho hicho, na anayesema kwamba wamelishwa kasumba tu hajaeleza kwa nini waliikataa sehemu fulani ya chakula.

Kumhusu Snake Eyes kuna habari moja ambayo inatosha kuwatia aibu wanaotafuta falsafa ya kina katika kila kitu. Askari wa mwaka 1982 walipokuwa wakitengenezwa, gharama ya rangi ilipanda kupita kiasi, na ili kuipunguza ikaamuliwa kwamba askari mmoja asipakwe rangi hata kidogo. Akatoka mweusi tii, hana uso, hana alama. Hama alipoletewa kisanamu kisicho na chochote cha kuelezea, alifanya alilopaswa kufanya mtunzi hodari: aliandika kwenye kadi kwamba jina lake halisi ni siri na mahali alipozaliwa ni siri. Baadaye katika katuni alimfanya aliyepoteza uso na sauti katika ajali ya helikopta. Mwaka 1984 alitunga toleo zima, la 21, lisilo na neno hata moja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ambalo hadi leo wapenzi wa katuni hizo hulitaja kuwa bora kuliko yote. Upungufu wa rangi ukawa ukimya, na ukimya ukawa ndio mtu mwenyewe.

Sasa turudi jikoni kwa jirani yangu. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 2009 ikiongozwa na Stephen Sommers, nayo ilikuwa na makosa matatu kwa maoni ya wakusanyaji. La kwanza, barakoa ya Snake Eyes ilikuwa imechongwa midomo. Naam, bubu aliyefichwa uso akachongewa midomo juu ya kitambaa! La pili, jeshi ambalo kwenye pakiti lilitangazwa kuwa la Kimarekani halisi liligeuzwa kuwa jeshi la mataifa mengi lenye makao chini ya jangwa la Misri. La tatu, baadhi ya askari walibadilishwa rangi na kabila: Ripcord, aliyekuwa mweupe kwenye plastiki, aliigizwa na Marlon Wayans. Juu ya hayo waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilitaka filamu ifuate katuni za televisheni, ambamo kila ndege iliyotunguliwa rubani wake huonekana akishuka salama kwa mwavuli na hafi mtu. La pili lilitaka vita vya Hama, ambamo watu hufa na hawarudi. Kila upande ulitumia neno moja kumhukumu mwenzake, nalo ni uaminifu.

Nakiri kwamba nilivutiwa na bidii yao. Lakini niligundua jambo dogo: yule aliyekuwa mkali kupita wote kuhusu uaminifu alikuwa na Snake Eyes wa mwaka 1982 ambaye hajatolewa kwenye pakiti yake. Hakuwahi kuchezewa na mtoto yeyote. Uaminifu wake ulikuwa kwa plastiki na karatasi.

Neno uaminifu halitusaidii hapa, na si hapa tu. Tuchukue mfano wa nyumbani. Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, nao ni miongoni mwa kazi za kale kabisa za Kiswahili zenye tarehe. Katika beti zaidi ya elfu moja majeshi ya Waislamu yanapambana na majeshi ya Rumi. Mashujaa wanatoka mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake, farasi wake na upanga wake, wanajigamba, wanapigana, wanaanguka. Wanahistoria, kwa upande wao, wanatuambia kwamba katika msafara wa Tabuk wa mwaka 630 jeshi lilifika, halikumkuta adui, likarudi. Ile vita kubwa haikuwako. Ikiwa uaminifu ndio kipimo, basi Mwengo ameshindwa vibaya, na hakuna hata mmoja wetu atakayethubutu kutamka hivyo darasani. Alichofanya Mwengo, na kabla yake wasimulizi wa Kiarabu waliompa mali ghafi, ni kuikuta nafasi tupu katika habari na kuijaza kwa ajili ya hadhira iliyotaka kusikia panga. Nafasi tupu ndiyo iliyomwita mtunzi.

Msomaji anaweza kuniuliza iwapo ninasawazisha utendi mtukufu na kidude cha dukani. Sisawazishi thamani yake. Nasema tu kwamba orodha ya wapiganaji wenye majina, silaha na sifa bainifu ni fani ya kale kwetu, na kwamba mtu wa Isinya anayemjua Fumo Liyongo kwa upinde wake na kwa kitovu chake, mahali pekee palipoweza kumuua, hahitaji kufundishwa jinsi ya kuisoma kadi ya wasifu. Wazazi wetu pia walikwisha kumpokea Lance Spearman, jasusi mweusi wa jarida la hadithi za picha African Film, katika miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzoni mwa 1970.

Na kwa kuwa tuko Kajiado, kuna mchezo mmoja wa kutajwa. Mtoto wa Kimaasai huokota vijiwe akavifanya ng'ombe. Huyu ni dume, yule ni mtamba, yule mwenye mabaka ni wa mjomba. Jiwe halina kwato wala pembe. Ni ng'ombe kwa sababu mtoto amesema ni ng'ombe, na jioni akiondoka linarudi kuwa jiwe. Hakuna kadi. Kazi ambayo Hasbro ilimwajiri Hama aifanye, mtoto wa Isinya huifanya bila ujira. Kwa mtazamo huo naona kwamba matini ya kidude haiko kwenye umbo lake. Iko katika sauti ya anayekichezea, na umbo hufaulu kadiri linavyoiachia sauti hiyo nafasi. Snake Eyes alipendwa kuliko wenzake wote waliopakwa rangi kwa sababu alikuwa karibu zaidi na jiwe.

Hapa ndipo anapoingia msimulizi wa filamu. Sanaa hii imeenea Afrika ya Mashariki yote, ingawa idara zetu zimechelewa kuipokea. Dar es Salaam alivuma Lufufu, ambaye Mjerumani Matthias Krings ameandika juu yake. Kampala kuna wale waitwao VJ, wanaosimulia kwa Kiganda. Kenya anayejulikana kupita wote ni DJ Afro, aliyejipatia jina kwa kuzisimulia filamu za mapigano za Marekani na za Kichina kwa lugha ya mitaani. Wanaodhani kwamba hao ni wafasiri hawajawasikiliza. Msimulizi hutafsiri pale tu anapotaka. Kwa muda mwingi huongeza, huwapa watu majina mapya, huwakemea wahusika, humwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake, hutaja bei ya unga. Filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inaanza na kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano, na ili auze inambidi aziigize mwenyewe mbele ya wanunuzi kwa mwili na kwa kinywa. Mwongozaji David Gitonga aliliona jambo ambalo wahakiki tulilipita: kwamba filamu ya kigeni haifiki kijijini mpaka mtu aibebe mdomoni.

Uganda imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, filamu ya kijeshi ambayo bunduki zake ziliundwa kwa mbao na vyuma chakavu. Hebu tulitazame jambo hilo kwa makini. Marekani walichukua vidude vya kuchezea wakatumia mamilioni ya dola kuvigeuza silaha zinazoonekana za kweli. Wakaliga walitengeneza vidude vya kuchezea wakaviweka kwenye skrini vikiwa vidude, na hakuna aliyeficha. Nakala inayotazamwa ulimwenguni ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, ambaye anawacheka wahusika, anaisifu filamu yenyewe ikiwa inaendelea, na anatangaza zitakazokuja. Sauti yake si nyongeza iliyobandikwa juu ya kazi iliyokamilika. Ukiiondoa, kinachosalia ni watu wanaokimbia na mbao.

Sasa tuyasikilize mabishano ya Isinya. Katika Retaliation kuna onyesho la ninja wanaopigana wakining'inia kwa kamba kwenye majabali ya milima ya Himalaya. Ni onyesho refu, na karibu halina maneno kabisa. Nadhani ndilo bora katika filamu zote tatu. Msimulizi hakunyamaza hata nusu dakika. Alimpa Snake Eyes mawazo, akamfanya alalamikie baridi, akamfanya akumbuke deni lake kwa mwenye duka. Watu wakacheka. Katikati ya kicheko hicho mtu mmoja wa makamo, ambaye baadaye nilijua kuwa alifanya kazi katika shamba la maua, akamwita mwenye kibanda apunguze sauti.

"Mwache bubu apigane," alisema.

Mwenye kibanda akapunguza. Wengine wakapiga kelele airudishe. Akairudisha. Ubishi ukaanzia hapo, na filamu ilipokwisha ukawa moto.

Kijana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa likizoni, ndiye aliyewapasha habari za filamu ya mwaka 2021. Alisema kwamba humo Snake Eyes anaigizwa na Henry Golding, yuko uso wazi, anasema kama watu wengine, na tunaonyeshwa alikotoka. Kwa rai yake hilo lilikuwa sawa: haiwezekani mtu awe mkuu wa hadithi na asiseme. Utingo wa lori akamjibu kwamba mbona jioni hii amesema tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kinywa cha dijei, na hakuna aliyelalamika isipokuwa huyu mzee wa maua. Mwanafunzi akasema hiyo ni tofauti. Tofauti gani? Hapo akakwama, akanigeukia. "Mwalimu, si utusaidie?"

Sikumsaidia ipasavyo jioni ile. Ningejibu leo, ningesema hivi. Filamu ya 2021 ilijaza nafasi tupu kwa mkono wa mwenye mali, na ikaijaza kwa daima. Ilimpa baba, kosa na toba, na kuanzia hapo hakuna mtoto anayeweza kumchezea akiwa mtu mwingine bila ya kuivunja filamu. Msimulizi wa kibandani naye aliijaza nafasi ile ile, lakini kila mtu alisikia kwamba sauti ni ya msimulizi. Uso haukufunuka. Deni la dukani lilikuwa la jioni hiyo tu. Kesho msimulizi mwingine atampa bubu ugonjwa wa meno. Fanani wetu wa ngano hufanya hivyo siku zote: Sungura anasema kwa sauti ya bibi, na hakuna mjukuu anayeamini kwamba bibi amekuwa Sungura. Anayesimulia anakaa kando ya mhusika, haingii ndani yake akafunga mlango.

Palikuwa na ushahidi mwingine wa jambo hilo, na ulitoka mahali ambapo sikuutazamia. Mkuu wa maadui, Cobra Commander, alipotokea akiwa na barakoa yake inayong'aa na kuanza kuwatisha wakuu wa dunia wampe mamlaka, mzee mmoja aliyevaa shuka, aliyekaa kimya karibu na mlango, alisema kwa sauti, "Huyo ni dalali wa mashamba!" Kibanda kizima kikaangua kicheko kilichozidi vicheko vyote ambavyo dijei alikuwa amevipata. Anayejua jinsi ardhi ya Kajiado ilivyokatwakatwa vipande na kuuzwa, kuanzia Kitengela kuja kusini, hatauliza kwa nini. Msimulizi aliyerekodiwa hakuwa na habari ya mzee huyu. Lakini kwa kuwa alikwisha kuonyesha kwamba picha hizi zinaweza kusemewa, mzee naye aliona kuna kiti cha pili, akakikalia. Mkusanyaji aliye na pakiti isiyofunguliwa hana kiti cha namna hiyo cha kumpa mtu.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawatetea wasimulizi kwa kila walitendalo. Yule wa jioni hiyo alimtukana Jinx, mwanamke pekee katika mapigano ya majabali, kila alipoonekana. Alizungumza juu ya mwili wake kwa maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa, na wanawake wawili waliokuwa kibandani walitoka kabla ya filamu kufika nusu. Hiyo nayo ni namna ya kuijaza nafasi tupu, na ni ya kivivu. Pia mzee wa maua alikuwa na haki yake. Msimulizi asiyejua kunyamaza mbele ya onyesho lililotungwa kwa ukimya ni kama mpiga ngoma asiyesikia pumziko la mwimbaji. Hama alithubutu kutoa toleo zima bila neno. Ningependa kumsikia dijei mmoja atakayethubutu kunyamaza kwa dakika tatu, akapima kama kibanda kitamsubiri. Suala la haki miliki za nakala hizi ni zito, nalo lahitaji makala ya mwanasheria.

Hata hivyo mzee wa maua alikuwa na sababu ambayo haikuwa ya kisanaa, naye aliitoa mwishoni, watu walipokuwa wamepungua. Mdogo wake ni askari wa Kenya, naye alipelekwa Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia Oktoba 2011. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa Januari 15, 2016, familia yao ilikaa siku kadhaa bila ya kupata habari zake. Alirudi salama. Lakini tangu arudi, alisema, hasemi. Anakula, anachunga, anaitikia salamu, ila juu ya kule hasemi neno. Kwa hiyo yeye akimwona huyu wa mavazi meusi hapendi apewe vichekesho. Wala hapendi, aliongeza akimtazama mwanafunzi, aonyeshwe akizungumza kama kwamba hakuna lililompata.

Hakuna mtu aliyebisha tena juu ya hilo. Utingo akauliza jambo jingine, kwa upole: huyu Snake Eyes, kwao ni wapi? Swali hilo ni la kawaida kabisa kwetu. Ndilo la kwanza ambalo mtu huulizwa afikapo ugenini. Na ndilo lile lile ambalo kadi ya mwaka 1982 ililitengea mstari wake, kisha ikalijibu kwa neno siri. Mashabiki wa jikoni, kwa miaka yote waliyobishana juu ya midomo ya barakoa, sikuwasikia wakiliuliza. Wao walitaka kujua kama jeshi ni la Marekani au la mataifa mengi, yaani walitaka kujua bendera. Utingo alitaka kujua nyumbani, na filamu zote tatu zina bendera kuliko nyumba. Askari wake hawaandiki barua, hawapokei mshahara, hawana mtu anayesubiri simu. Kama kuna lawama ya kweli ya kumpa mgeuzaji wa vidude hivi, mimi naiweka hapo kabla ya midomo ya mpira na kabla ya rangi ya Ripcord.

Mwaka 2021 waongozaji walilijibu swali hilo, nami nimeitazama filamu yenyewe mara mbili tangu wakati huo. Jibu lao ni kwamba mtoto alikuwa na baba, watu wakaja usiku, baba akalazimishwa kurusha dadu, zikaanguka moja na moja, ambazo kwa Kiingereza huitwa macho ya nyoka, akauawa. Kuanzia hapo ni kisasi. Filamu hiyo ilipata dola milioni 40 hivi ulimwenguni kote, chini ya nusu ya gharama ya kuitengeneza, na wengi walisema imeshindwa kwa sababu bubu amesema. Sidhani. Imeshindwa kwa sababu jibu lake ni lile la kila filamu ya kisasi, na lingeweza kubandikwa juu ya askari yeyote mwenye rangi.

Mwanafunzi aliwasimulia jioni ile kisa cha dadu kama alivyokikumbuka. Mzee wa maua alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mama wa mtoto huyo alikuwa wapi usiku huo. Mwanafunzi hakuwa na jibu. Msimulizi wa Kiswahili atakayeitia sauti filamu ile, na bila shaka yuko atakayefanya hivyo, atalazimika kuwa nalo, maana ataulizwa.